Mama alipowaona wapagazi kwenye anime

Jumapili, jioni. Joto kali. Mawingu yamejikusanya upande wa Kwihara tangu mchana na hayajadondosha hata tone. Nimetoka kwa mama huko Kwihara sasa hivi, vumbi bado liko miguuni, lakini nataka kuandika kabla sijaanza kujidanganya.

Nina miaka thelathini na minne, nauza dawa dukani hapa Tabora mjini, na napenda anime, filamu za kuchorwa za Kijapani. Kazini sisemi. Wenzangu wanaziita katuni za watoto.

Mwezi huu nimenaswa na moja. Msichana anatembea kwa miguu kwenye barabara isiyo na mwisho. Samaki wanapita angani, nyumba zinahama zenyewe, na kila mara anakutana na msururu wa watu waliobeba mizigo, nyuso zao tupu, laini kama yai. Anawauliza majina. Anayekumbuka jina lake, uso humrudia: macho kwanza, halafu mdomo. Asiyekumbuka anaendelea kutembea. Hakuna adui. Waliokufa na walio hai wako njia moja, na hakuna anayeshangaa.

Wiki nzima nimejaribu kufumbua mzigo ni nini. Nikaamua ni dhambi. Nilijiona nina akili sana.

Leo nilikwenda na kompyuta yangu. Mama alikuwa sebuleni anamenya karanga, nikaiwasha ili niangalie huku namsaidia. Kijapani hajui, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Sikutegemea kwamba angeifuatilia.

Msururu ulipotokea, mikono yake ilisimama.

"Hao wapagazi," alisema.

"Mama, hii ni ya Wajapani."

"Hata kama. Watu hawabebi hivyo wakienda sokoni. Hao wanakwenda pwani."

Ndipo akanisimulia jambo ambalo sijawahi kulisikia. Babu wa bibi yake aliondoka hapa hapa Kwihara na mzigo wa pembe za ndovu, hakurudi. Mkewe, kila asubuhi akishawasha moto, alitoka mlangoni akalitaja jina lake akiitazama barabara. Aliogopa kwamba mumewe asipotajwa atasahau njia. Alipofariki, binti yake akaendelea.

Mtu wa Japani, ambaye hajui hata kama Kwihara ipo, amechora kile walichokifanya bibi zangu mlangoni.

"Na sisi," mama akasema, "mbona Yohana hatumtaji?"

Yohana ni kaka yangu. Miaka kumi na moja iliyopita alikwenda machimboni, tusisikie habari zake tena. Niandike ukweli: mimi ndiye niliyelizima jina lake. Presha ya mama ilipanda kila tulipomzungumzia, nikawaambia wote nyumbani tuache. Nilisema ni kwa ajili ya afya yake.

Ilikuwa pia kwa ajili yangu. Nilichoka kusubiri.

Mama aliinuka, maganda yakamwagika sakafuni, akasimama mlangoni. Yeye, mwanakwaya wa kanisa la Moravian, akaita kwa sauti anayoitumia shambani:

"Yohana! Yohana mwanangu! Mama yako nipo!"

Mwanamume aliyekuwa anapita na baiskeli ya mkaa akageuka. "Siyo mimi, mama! Mimi Shabani!"

Mama alicheka hadi akashika mlango. Halafu akalia. Nilimshika mkono kutafuta mapigo. Yalikuwa ya haraka, lakini sawa. Nami nikaita. Jina lilikuwa gumu mdomoni, kisha mara ya pili likatoka kama vile nililitaja jana.

Barabara ilikuwa ile ile, na vumbi lake. Lakini niliitazama nikaogopa kidogo, kama mtu aliyeingia kanisani akidhani ni tupu, akakuta kumejaa.

Kijijini Kigwa kuna mtu anaitwa Masanja. Aliondoka pamoja na kaka, akarudi mwaka juzi peke yake. Nimejua muda wote. Sikumtafuta kwa sababu huenda ana habari.

Leo nimemwambia mama; Jumamosi tunakwenda kwake. Mama ameshachagua kitenge cha kuvaa.

Akituambia tusichotaka kusikia, nitaweza kukaa pembeni ya mama bila kumnyamazisha tena?