Nani Ataketi Siku ya Blanketi

Papa,

Nainamisha kichwa kutoka huku Amerika, uniguse kama ulivyonigusa siku nilipoondoka Kimuka. Mguu umepona? Mvua imeshuka, au ng'ombe bado wanapelekwa mbali? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ingawa uzima wenyewe ni wa kukazana. Kaka atakusomea barua hii, na namwomba asiruke mahali popote kwa kunionea haya.

Nimeondoka kwa mume wangu Lemayian. Najua amewaambia Amerika imenilevya. Sijalewa, Papa. Siku moja nilichelewa kutoka kazini, kule ninakoosha wazee wasiojiweza, nikamkuta ameweka bastola mezani, kando ya sahani ya ugali. Akaniambia, "Kula. Huku hakuna wazee utakaowaita." Nikala. Mara ya pili alinikaba shingo, kisha akanielekezea hiyo bastola, nami nikakimbilia kwa Moraa, Mkisii tunayefanya naye kazi. Ndiye anayenilaza mpaka leo.

Hakimu alinisikiliza, akaamuru Lemayian asinikaribie, na polisi wakaichukua bastola. Wewe ulipokuwa askari wa akiba ulipewa bunduki ya serikali, na ulipoambiwa uirudishe ulinung'unika sana, lakini uliirudisha. Huku si hivyo. Bunduki ni haki ya mtu, imeandikwa kwenye katiba yao. Basi Lemayian, ambaye kwao Kitengela alikuwa akiogopa hata jogoo, tangu apate uraia amekuwa mtu wa katiba. Wakili wake anadai sheria iliyomnyang'anya bastola ni batili, na kesi imepanda hadi mahakama ya rufaa.

Hapo ndipo ninapoogopa. Majaji watakaoisikiza ni watatu. Mmoja amestaafu, na wawili waliobaki hawapatani kuhusu bunduki. Rais ndiye anayeteua wa kujaza kiti, na akishaketi hatoki mpaka achoke mwenyewe au afe. Anayetajwa amewahi kuandika kwamba mtu asinyang'anywe silaha kabla hajapatikana na hatia. Nilimuuliza wakili anayeitetea ile amri kama sheria imebadilika.

"Sheria ni ile ile," akasema. "Watakaoisoma ndio wanaobadilika."

Labda huyo jaji ni mtu mwema. Lakini hanijui, wala hajui mlango wa Moraa una kitasa kibovu.

Sasa kaka ananiambia watu wa Lemayian wanakuja kwako na blanketi, sukari na mtamba, kuomba nirudi, na kwamba wanataka Baba Mdogo aongoze kikao. Papa, Baba Mdogo ndiye aliyeleta posa yao! Nilicheka, kisha nikajifungia chooni kazini nikalia. Nimevuka bahari nikakuta mambo ni yale yale: ukishajua nani amewekwa kitini, hukumu umeshaijua.

Sikudharau, mzazi wangu. Naogopa tu. Ukipokea blanketi lile, wakili wake ataiambia mahakama kwamba wazee wametupatanisha na hakuna tena ugomvi. Bastola itarudi, na mimi nitatakiwa nirudi nayo nyumba moja.

Nisalimie shangazi wa Nkoroi aliyenifundisha kushona shanga, na mke wa kaka huko Kitengela, nasikia amejifungua salama. Msalimie na mchungaji wetu. Aniombee, lakini asinitangaze kanisani.

Mama yangu, Yeyo, nimemwacha mwisho makusudi. Siku moja tukiongea kwa simu ya picha kitambaa cha shingoni kiliniteleza, akaziona alama. Aliniambia tu nifunge mlango vizuri. Najua kwetu wanawake hungoja nje kikao kikikaa, na najua wazee watanung'unika. Wewe pia uliwahi kunung'unika ukatii.

Huku siwezi kumchagua jaji hata mmoja. Huko kwetu boma ni lako, na viti ni vyako. Siku hiyo, Papa, kiti cha Baba Mdogo mpe Yeyo.

Ni mimi binti yako,
Naserian