Goti la Doreen Siku ya Kura

Doreen wangu,

Pai iko ndani ya oveni. Dawa ya goti umeze ukishakula.

Samahani nilivyoifokea redio asubuhi. Lakini waziri mkuu mpya tena! Tunawabadilisha mara nyingi kuliko mapazia, na wote wanaahidi kuziba shimo lilelile la barabarani hapa mlangoni. Kisha nikakicheka chama chako, ukaninunia.

~~Nimekwenda kupiga kura peke yangu.~~

Hapana. Miaka arobaini tunakwenda pamoja, kura yako inaifuta yangu, tunarudi kunywa chai. Leo ningekushinda kwa sababu ya goti tu. Ushindi gani huo?

Nimekwenda kwa jirani yetu Mavis kuazima kiti chake cha magurudumu. Kitambulisho chako kimo mfukoni mwa koti. Livae, nikusukume ukanifute.

Mumeo