Filme za Noël katika Saluni ya Yaya Fina

Yaya Fina, dada yangu mkubwa,

Watu wa Leonidas walikuja Jumamosi na mahari. Ndiyo, yule Mrundi wa kushona viatu kule soko la Tsoka, mwenye ulikuwa unasema anacheka kabla hajamaliza utani wake. Usinikatize. Ngoja nikueleze vizuri, maana nakujua, nikikuficha kitu utanifuata mpaka ndotoni.

Kwanza habari za hapa. Saluni ingali wazi. Tangu tulipokuzika mwezi wa tano nilishindwa kukalia kiti chako, kikawa cha kuwekea mabeseni, mpaka Mama Chantal akaingia siku moja akaniambia, "Riziki, kiti haikufaka na mutu," akanisukuma nikakaa. Televisheni yako iko, na ule mstari wake wa kijani pembeni. Desemba ilipofika, mvua ikaanza kupiga mabati, wamama wakajaa kusukwa kwa ajili ya Noël. Hata hawakuuliza bei. Walisema tu: weka zile filme za Yaya.

Unakumbuka tulivyozipata? Tulikuwa tumeshuka Lilongwe kununua meshi, nywele za kusukia, ukaona ile DVD moja yenye filme nyingi, picha ya theluji juu yake. Mi nilitaka filme za vita. Ukanitazama, ukasema vita tulishaionaka bure.

Tangu hapo kila mwaka ilikuwa ni hizo. Dada wa kizungu mwenye kazi kubwa mjini, koti jekundu, anarudi kijijini kwao, anamwagia kahawa bwana wa kuuza mikate, wanagombana, wanapamba mti, theluji inashuka. Sisi huku jasho linatutiririka shingoni. Nusu ya Kiingereza chao hukuielewa, lakini ulitafsiri tu, vidole havisimami kichwani mwa mtu. Yule wa mikate ulimbatiza Pascal, ukampa na shangazi mchawi ambaye kwenye filme hayumo kabisa! Tulimchukia yule shangazi, Yaya, mpaka leo tunamchukia.

Na umeme ukikatika kabla hawajapatana, hakuna aliyeondoka. Ulimalizia mwenyewe gizani, na kila mtu mwisho anaujua. Siku moja nilikuuliza, sasa utamu wake uko wapi? Ukanijibu, "Mambo yetu sisi sijue itaisha namna gani. Hii najua. Uniachie nipumzike."

Lakini pale mwisho! Dada ameitiwa kazi ng'ambo, tiketi iko mkononi, na badala ya kupanda anarudi mbio kwa Pascal. Nafikiri kwingine kote watu wanalia kwa furaha pale. Hapa kambini Dzaleka, hapana. Saluni nzima ilisimama na misuko nusu: "Panda ndege, mujinga weye!" Mama Chantal alirusha kitana. "Safari imetoka, unarudilia mwanaume wa mikate!" Watu waliotafuta majina yao ya safari kwenye ubao wa ofisi ya wakimbizi miaka na miaka, utawaambia nini kuhusu mapenzi? Hata mimi nilipiga kelele. Ni wewe peke yako ulimtetea. "Mumuache. Ndege iko mingi. Mutu wa kukuchekesha, mulishaona bangapi?"

Sasa sikia. Mwezi wa tisa ofisi iliniita. Dosye yangu, faili la kwenda ng'ambo, imesonga, yamebaki mahojiano ya mara moja tu. Inakwenda haraka kwa sababu niko peke yangu ndani yake. Nikiolewa, wanaifungua upya, ya watu wawili, tunarudi mwanzo. Na mwanzo unaujua ulivyo mbali. Kila mtu akanishauri: panda kwanza, mume utamwita. Leonidas mwenyewe alisema hivyo, tena bila kucheka, na hapo njo niliogopa kweli.

Lakini aliniambia pia kwamba akiniruhusu niende bila kuja kwa watu wangu, atakuwa amenidharau. Basi akaja. Watu wangu ni akina nani? Sina baba hapa, sina mjomba. Wamama wa saluni njo walikaa upande wangu, Mama Chantal msemaji, kilemba kimesimama. Wageni wakaweka vitenge na kreti za fanta katikati. Halafu Mama Chantal akaniuliza mbele ya wote, kama desturi inavyotaka: "Binti yetu, hawa batu unabajua? Tupokee?"

Niliiona ile ndege, Yaya, sikudanganyi. Akauliza tena. Nikatazama chini. Mara ya tatu sauti yake ikawa ndogo, si ya msemaji tena: "Sema, mama. Hakuna mwenye atakugombeza."

Nikasema mpokee.

Vigelegele vilipigwa mpaka majirani Wamalawi wakaja kuuliza kuna nini, nao wakapewa fanta. Mi nililia vibaya, kamasi na wanja vikachanganyika, na sikujali.

Asante, Yaya. Ulinipokea nilipofika na mfuko mmoja, ukanipa kazi, ukanipa mkeka. Nilidhani filme zako ni za kuwatuliza wateja. Miguu yako ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa sukari na bado ulisimama kututafsiria furaha ya watu wengine. Nimeijua kwako. Isingekuwa wewe, Jumamosi nisingejua ninachoulizwa ni nini.

Jana nilikwenda ofisini nikaomba waandike majina mawili. Binti wa pale akaniuliza kama ninaelewa nitakachopoteza. Nikamwambia ninaelewa. Wewe unajua huku mtu akikuuliza habari jibu ni lile lile, "tunangojea tu". Hata siku ile hospitali, uliponishika mkono ukaniuliza niko je, nilikujibu hivyo. Nakuahidi sitajibu hivyo tena. Akiniuliza mtu, nitasema ninaishi.

Pumzika, Yaya wangu.

Mdogo wako,
Riziki