Profesa wa Kundini

Jumatano, Mpumudde

Eti Profesa, ndivyo tunavyomwita! Wiki nzima kwenye kundi letu la mtandaoni ananituliza: “Usihangaike, bwana, chuo cha ufundi Mbale kinapokea maombi mpaka mwisho wa mwezi.” Leo nikamchokoza: “Mkubwa, wewe ulisoma chuo gani?”

“Mimi pia naomba hichohicho.”

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ndipo Nambozo, anayesoma hapo chuoni na kundini hasemi kitu, akaniandikia pembeni: “Wewe cheka tu. Wanafunga kesho, na nafasi zimebaki chache.”

Alfajiri naenda Mbale. Mjanja mimi, ila hesabu nilifeli, na wakinikataa sina pengine…

Nilianza kuwaandikia wenzangu kundini kwamba mwisho ni kesho, nikafuta. Profesa amenipita alama. Nikamwandikia tu: “Asante kwa ushauri, mkubwa.”