Kipimo ya Kiti ya Baiskeli

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwezi wa sita 2013

Mama Darlène wangu,

Huku tuko bazima, baridi tu njo inatutesa. Cherehani inatembea, na kwaya imenipa majoho yao nishone.

Sasa sikia. Kiti ya baiskeli yangu ilikuwa inaniumiza mpaka nafika sokoni natembea kama bata. Nikaona batu ba kabaza, teksi ya baiskeli ya huku, bamewekea abiria wao sponji nene kule nyuma. Na mi nikajishonea nene hivyo hivyo. Kumbe nilizama ndani, maumivu ikazidi! Nizigama, fundi wa baiskeli, akacheka: "Mzee, unapimaka kila mutu. We mwenyewe ulijipima?"

Basi nikakalia mfuko ya unga ya nsima, bugali ya huku. Usikasirike, haikupasuka. Mifupa ya makalio ikaacha mashimo mbili, nikapima katikati yao kwa mita yangu ya kushonea. Kule Lilongwe nikakataa viti vya kung'aa, nikachagua kimoja kipana kama kipimo ilivyosema, na kigumu kidogo, nisizame tena. Nilirudi naimba njia yote, na hii mvi yangu!

Ulibaki Bukavu juu ya kuuguza mama yako. Tangu mumuzike, unaniandikia habari ya kila mutu, lakini kama utakuja huku, hausemi. Mi sikulazimishi.

Ila ile sponji sikuitupa. Nimeishonea kiti ya nyuma, kwa kipimo ya sketi yako ya harusi. Kama umenenepa, kuja uniambie, nitafumua.

Wako,
Balagizi, Baba Darlène