Musuku wa Mulangoni

Mujukuu wangu Ngoie,

Jambo sana kule Dilolo. Hapa Kolwezi tuko bazima. Mama yako mudogo alizaa mutoto mwanaume, analia kama firimbi ya treni. Unaniuliza juu ya nini nakatala bakate musuku wa mulangoni, muti usiozaa.

Wakati wa Babeleji nilikuwa kijana. Sisi tuliotoka Kasai kufanya kazi ya mugodi hatukujua misuku. Ilijaa nyuma ya kambi, na masuku yake yalikuwa matamu kama asali. Tukasema: «Isiyozaa tuichome makala, yenye kuzaa tuiache.» Misimu iliyofuata, hatukuona hata tunda moja. Kambo yako mwanamuke, muke wangu, wakati ule binti wa hapa aliyeuza masuku sokoni, akaniambia: «Mulikata bamume. Sasa bamama batazaa na nani?»

Ule wa mulangoni ni mwanaume. Kila mwaka unatoa maua, na maua hayana pa kwenda, kwa sababu bamama habako tena hapa. Tangu kambo yako mwanamuke atutoke, nayaangalia sana.

Ukirudi, shuka treni njiani, pale Kasaji, uniletee mbegu mbichi za masuku, za miti mbalimbali. Batoto ba mama mumoja, ugonjwa mumoja unabamaliza. Nitazipanda hapa, na zingine zitaota bamama. Mi sitakula yale matunda, najua. Lakini muti umengoja sana.

Mi, kambo yako