Blanketi Lenye Samaki

Yerusalemu, 11 Desemba 1956

Baba mpenzi,

Hujambo? Mguu je? Sisi wazima, Naji ametimiza miezi minne.

Jana niliokota blanketi kwenye benchi la kituo cha basi. La sufu, jekundu, zito. Nilisubiri mpaka nikalowa kwa mvua, mwenyewe hakutokea. Nawe wajua chumba chetu kinavuja. Ezra anasema, "Mke wangu, Mungu katuletea." Nikamjibu, "Mungu hasahau vitu kwenye benchi." Kwenye kona pametariziwa samaki mdogo wa bluu. Nifanyeje?

Binti yako,
Masuda

Tiberia, 16 Desemba

Mwanangu Masuda,

Nimefurahi kusikia mu wazima. Mguu unauma, lakini unatembea.

Kitu chenye alama kina mwenyewe, na huenda bado anakitafuta. Bandika tangazo kwenye sinagogi na kwa muuza mkate: "Limeokotwa blanketi." Basi. Rangi usitaje, na samaki ndiye usimtaje kabisa; mwenyewe ndiye akutajie. Kila siku thelathini likunjue, ulikung'ute, lisiliwe na nondo. Sheria yetu inataka ulitandaze kwa faida ya blanketi lenyewe, si kwa baridi yako. Nakutumia koti langu, mfunike mtoto.

Baba yako

Yerusalemu, 24 Januari 1957

Baba mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya hiki. Umeamkaje huko?

Alikuja bwana mmoja kulidai. "La kijivu," akasema. Nikatikisa kichwa. "Basi jeusi! Kwani, mama, kuna rangi ngapi?" Nikamfungulia mlango aende zake.

Kisha theluji ikaanguka, Naji akashikwa na homa. Koti lako halikuwa limefika. Baba, nilimfunika kwa lile blanketi. Homa ilishuka siku ya kwanza, lakini nililiacha siku mbili zaidi, kwa kuwa alikuwa analala vizuri. Sasa nimelirudisha sandukuni, na siwezi hata kulitazama sanduku. Ezra anasema hakuna aliyeona. Nimeona mimi.

Binti yako,
Masuda

Tiberia, 28 Januari

Mwanangu,

Mshukuru Mungu mtoto amepona, nimelia niliposoma.

Siku ya homa huna kosa, uhai wa mtoto hutangulia. Zile mbili ulitumia mali ya mtu bila ruhusa. Usinitake mimi radhi, blanketi si langu. Akija mwenyewe, mwambie kabla hajaondoka.

Baba yako akupendaye

Yerusalemu, 19 Februari

Baba yangu,

Salamu kwako, na leo nakuandikia nikicheka.

Amekuja! Anaitwa Bi Fruma, mzee mwembamba. Kabla sijauliza akasema, "Kona ya chini ina samaki wa bluu. Dada yangu marehemu alitaka kutarizi ndege, akashindwa na mabawa." Miezi miwili amezunguka vituo vyote vya basi akiuliza, mpaka leo muuza mkate alipomwonyesha tangazo.

Nikamtolea blanketi, nikamweleza yote, pamoja na zile siku mbili. Alinitazama. "Siku tatu tu?" akasema. "Mjinga wewe! Mtoto ana homa, blanketi liko sandukuni?" Nikamwomba radhi. "Nimekusamehe, binti yangu. Kwa siku mbili nimekusamehe. Kwa kuliweka sandukuni, bado nafikiria."

Akaketi kitandani, blanketi mapajani, akimpapasa yule samaki kwa kidole. Nilikwenda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa amesinzia vilevile amekaa, amelikumbatia.

Nimeiacha chai ipoe, Baba. Nakuandikia polepole nisimwamshe.

Masuda wako